Nilitaka kujibalansi, nikatupa farumi

Juzi msomaji mmoja wa Micheweni kaniandikia: "Kaka, una kazi, una duka, una watoto, na bado unaandika. Unabalansi vipi?" Nilicheka peke yangu. Laiti angenikuta Mfungo Nne uliopita!

Mimi ni mhasibu hapa Chake Chake. Urari ukikataa kwa shilingi 200, siondoki ofisini mpaka nizione zilikojificha, na kila niliyefanya naye kazi analijua hilo. Basi nilipoona siku hazinitoshi, nikaupima umri wangu kama ninavyopima vitabu: huku ninachotoa, kule ninachopata. Safari ya Wete kila Ijumaa kumtazama mama ikaangukia upande wa kutoa. Kama kilomita 30, nauli, mchana mzima, na faida yake haiandikiki. Nikaifuta. Mpira wa jioni nao nikaufuta. Duka nikalibakisha, maana mbia wangu alisema tukikaza tutafungua la pili. (Huyo simtaji. Pesa za mchele zilivyoondoka anajua yeye na Mungu wake.)

Asubuhi moja nikageuka kitandani kuzima kengele ya simu, dari ikaondoka. Si kizunguzungu cha njaa, la. Chumba kizima kilizunguka kama pia, nami nimeng'ang'ania mto kwa mikono miwili. Haikufika dakika kikatulia. Nikageuka tena, kikaanza upya, safari hii nikatapikia shuka. Mama mkwe akasema nimetupiwa kitu, akaagiza kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani. Nikalinywa. Nani Pemba anakataa kombe?

Hospitali daktari, kijana mdogo tu, hakunipa hata kidonge. Alinilaza kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda, akakigeuza upande mmoja, akangoja, akakigeuza wa pili, akanilaza ubavu, akaniinua. Hata robo saa haikutimia. Akaniambia ndani ya sikio mna vijiwe vidogo vya chokaa vinavyompa mtu habari kichwa chake kimelalia wapi. Vyangu vilichopoka vikaingia kwenye mirija ya majimaji iliyo jirani yake, ubongo ukadhani nazunguka. Yeye amevitoa humo tu. Ufundi huo ulichapishwa mwaka 1992 na daktari wa Marekani, John Epley. Vijiwe ni vilevile, havikuzidi, havikupungua. Ila ukiona kizunguzungu kimekuja na mdomo uliopinda au mkono uliokufa ganzi, hayo si ya vijiwe: kimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Nikiwa kwenye benchi nikingoja miguu initii, nikamkumbuka marehemu baba. Alikuwa baharia wa jahazi la Wete na Tanga. Wakirudi bila shehena hawakushangilia wepesi; walipakia mawe chini kabisa, tumboni mwa chombo. Farumi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini wanabeba mawe asiyeyanunua mtu. Akanijibu, "Chombo kitupu hakina adabu."

Ndugu zangu, mimi nilifuta farumi nikabakisha mbia! Kila Ijumaa ile, mama akinisimulia mambo niliyokwishayasikia mara mia, ndiyo iliyokuwa ikinizuia nisilale upande upepo ukipiga. Vijana mnaambiwa punguza, punguza, jitue. Sikatai, lakini kabla hujatupa kitu angalia kimekaa wapi. Kizito cha juu mlingotini kinapindua. Hichohicho ukikishusha chini kinashikilia. Angalia kwanza kimekaa wapi, nasema tena, kwa sababu mimi sikuangalia.

Wala msidhani kubalansi ni kutulia tuli. Simama kwa mguu mmoja, shikilia ukuta, kisha fumba macho. Utaona unyayo unavyohangaika, huku na huku, kwa vile macho yameacha kulisaidia sikio. Hata aliyesimama kwa miguu miwili anaanguka kidogo na kujirudi, anaanguka na kujirudi. Anayewaambia amepata mizani akamaliza kazi, muulizeni deni lake la duka.

Nimerudi Wete. Mama hakunisamehe upesi. Ijumaa ya kwanza nilikuta amekwishakula na vyombo vimeoshwa. Ya pili nilikuta sahani yangu imefunikwa kawa. Nikaifunua: wali, mchuzi, na mkia wa samaki peke yake.