Ukitaka kuandika kiini cha mfumo endeshi, kipe sauti kwanza

Vijana wengi wa hapa Lubumbashi wanaotaka kuandika kiini cha mfumo endeshi chao wenyewe, yaani programu ya ndani kabisa inayosimamia mashine, huniuliza kwanza juu ya kipakiaji, yaani ile programu ndogo inayokaa katika sekta ya kwanza ya diski. Mimi huwashauri wasianzie hapo. Sekta hiyo ina baiti 512 tu, na mbili za mwisho ni lazima ziwe 0x55 na 0xAA. BIOS, programu iliyomo ndani ya mashine inayoiwasha, ikishaipakia kwenye anwani 0x7C00, prosesa bado inafanya kazi katika hali ya biti 16, ile ile ya Intel 8086 ya mwaka 1978. Mtu anaweza kumaliza miezi mingi akihangaika na urithi huo asifikie kiini alichokusudia.

GRUB, kipakiaji kilicho tayari, itakufanyia kazi hiyo. Unachotakiwa ni kuweka, ndani ya baiti 8192 za mwanzo za faili yako, kichwa cha Multiboot, alama ambayo GRUB hukitambua kiini kwayo: nambari 0x1BADB002, bendera, na nambari ya tatu ambayo ikijumlishwa na hizo mbili katika biti 32 hutoa sifuri. GRUB itakukabidhi prosesa ikiwa tayari katika hali ya biti 32, lakini haitakupa steki ya kutegemea, yaani kumbukumbu ambamo vitendakazi huweka data zao za muda, kwa hiyo elekeza ESP, rejista inayoonyesha steki ilipo, kwenye eneo ulilolitenga mwenyewe kabla ya kuita kitendakazi chochote cha lugha ya C.

Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, iwe ya i686-elf, isiyodhani kwamba chini yake kuna Linux. Kuijenga kwenye mashine za mitumba tunazotumia huchukua muda mrefu, basi pakua msimbo wa binutils (zana za kuunganisha na kukagua programu) na wa GCC (kompaila yenyewe) siku ambayo una mega za kutosha, kisha ujenge saa ambazo umeme hukaa mtaani kwenu. Ukikatika katikati ya kazi, make, programu inayosimamia ujenzi, itaendelea na faili zilizobaki, ila futa kwanza ile iliyokuwa ikiandikwa, kwani huenda imebaki nusu.

Sasa tuje kwenye sauti, yaani njia ya kiini kukuambia kinachotokea, ambayo kwangu ndiyo shina la kazi yote. Mafunzo mengi humwelekeza msomaji kuandika herufi kwenye anwani 0xB8000, yaani skrini ya safu 80 kwa mistari 25, ambapo kila herufi huchukua baiti mbili, moja ya herufi yenyewe na nyingine ya rangi. Inafurahisha, wala sikukatazi. Hata hivyo skrini hiyo hufutika mashine inapojiwasha upya, na kiini kichanga hujiwasha upya mara kwa mara: kosa likitokea pasipo jedwali la kulipokea, prosesa huingia katika kosa la pili, kisha la tatu, halafu huanza upya bila kukuachia neno. Kwa sababu hiyo, andika kwanza kitendakazi cha kutuma herufi kwenye poti ya siriali COM1, iliyoko 0x3F8. Ukiwasha QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, kwa -serial stdio, maneno ya kiini yatatokea kwenye terminali na kubaki hapo hata kiini kikifa. Ongeza -no-reboot na -d int, nayo QEMU itaandika kila kosa pamoja na EIP, anwani ya amri iliyokuwa ikitekelezwa, ambayo utaitafuta kwa objdump, zana inayoonyesha amri zilizomo katika faili yako. Kiini changu kilizungumza kwa njia hiyo peke yake kwa muda mrefu, na sikuikosa skrini.

Faida yake utaiona kwenye makatizo, yaani ishara ambazo vifaa huitumia prosesa ili ivihudumie. PIC, chipu inayopokea ishara hizo, hupelekewa na BIOS mpangilio unaoweka IRQ (laini za ishara za vifaa) 0 hadi 7 kwenye nambari 8 hadi 15, ambazo Intel ilizitenga kwa makosa ya prosesa yenyewe. Saa ikigonga mara ya kwanza, kiini hudhani kimepata kosa nambari 8. Hamishia IRQ zote 16 kwenye nambari 32 hadi 47, tuma nambari ya kila katizo kwenye siriali, na usisahau kuandika 0x20 kwenye poti 0x20 ukimaliza kuhudumia, la sivyo katizo hilo halitarudi.

Kibodi nayo ina mtego wake kwetu. Poti 0x60 hutoa msimbo wa mahali kitufe kilipo, wala si herufi, na majedwali ya mafunzo mengi yamepangwa kwa kibodi za Kimarekani, ilhali zetu ni za AZERTY, mpangilio wa Kifaransa: kitufe 0x1E kwao ni A, kwetu ni Q. Andika jedwali lako bila kuona haya. Linux ya kwanza kabisa, ya mwaka 1991, ilikuwa na kibodi ya Kifini, kwa kuwa Linus Torvalds ndiyo aliyokuwa nayo.

Ukihamia mashine halisi, chagua ya zamani yenye BIOS. Zile zinazowaka kwa UEFI, mrithi wa BIOS, pekee hazikupi skrini ya 0xB8000, na itakubidi uiombe GRUB fremubafa, yaani kumbukumbu ya nukta za skrini, na kuchora kila herufi nukta kwa nukta.