Neno "spring" katika tafsiri ya kijitabu cha mwani

Waalaikumu salaam, ndugu. Umekwama kwenye kijitabu cha wakulima wa mwani wa Paje: "spring tide" kamusi imekupa "maji ya majira ya kuchipua", na mkulima anayejua masika, vuli, kaskazi na kusi haelewi ni lini.

Hiyo si majira kabisa. Ni bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, na huja mara mbili kila mwezi, karibu na mwezi kuandama na mwezi mpevu, mwaka mzima. Kinyume chake, "neap tide", ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana.

Kosa linatoka kwenye asili ya neno. Kiingereza cha kale kilikuwa na "springan", kuruka, kuchupa, kububujika. Wajerumani hadi leo wanasema "springen" kwa kuruka. Maji yakichupa ardhini ni chemchemi. Chuma kinachojirudisha ni springi, au kamani ikiwa ya saa. Majani yakichomoza baada ya baridi ndiyo majira yenyewe, ambayo zamani Waingereza waliyaita "lent", neno lililobaki kwa Kwaresima tu. Na bahari ikijaa kwa nguvu, nayo imechupa.

Kwa hiyo kwanza tazama neno lililo jirani. Likifuatwa na "tide", andika bamvua bila kusita. Wakisema chombo cha baharini kime-"spring a leak", kimeanza kuvuja. Usiweke chemchemi ndani ya mashua ya watu!

Ila pale kijitabu kinaposema kazi ifanyike "spring tide", andika "bamvua, maji yakipwa". Ukiacha "bamvua" peke yake, msomaji mgeni atadhani ni maji kujaa tu.