Usilifungue jiko lako jukwaani kabla hujapeleka maombi BRELA

Mkuu, kamwene yako nitaiitikia baadaye. Nimesoma uzi wako nikiwa mezani na chakula kimenishinda. Unasema umealikwa Iringa mjini kuongea dakika 15 kwenye kongamano la wabunifu, una jiko la maranda ulilolitengeneza hapo Mafinga, na unauliza uanzeje, slaidi ziwe ngapi, uongee Kiswahili au Kiingereza, na uvae nini. Halafu mstari wa mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka chumvi, umeandika: "Nitalifungua palepale jukwaani wadau waone hewa inavyopita ndani, maana siri yote iko hapo." Na waliokujibu wote wamekwambia safi sana, kaza mwendo.

Usilifungue. Kama hujapeleka maombi ya hataza (patenti, yaani haki ya mvumbuzi juu ya kifaa chake) kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, usilifungue, mchoro usiwatumie waandaaji, na hiyo njia ya hewa usiitaje hata kwa mdomo. Mengine yote uliyouliza yanaweza kusubiri, hili haliwezi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nipo Uyole, Mbeya. Huku viazi ndiyo maisha yetu, na anayeumia mgongo kwa ajili ya viazi ni mchambuaji. Mama yangu mdogo amechambua kwa miaka mingi: anakaa chini kwenye gunia tangu asubuhi, vikubwa vya chipsi huku, vya kati huku, vya mbegu kule, kimoja kimoja kwa mkono. Mwaka 2016 nikaanza kumtengenezea chekeche. Ngoma ya nondo inayozungushwa kwa pedeli za baiskeli, viazi vinaingia juu, vidogo vinadondoka kwenye nafasi, vikubwa vinatokea mwisho. Nondo nikazivalisha mpira wa ndani wa baiskeli ili kiazi kisichubuke, maana kikichubuka kinaoza na kuozesha wenzake ndani ya gunia.

Ngoma za namna hiyo zipo duniani siku nyingi, nalijua hilo. Kipya changu kilikuwa mkono mmoja wa chuma pembeni. Uliangalia mashine ya kerezo inavyobana chuma? Meno yote yanasogea kwa pamoja ukizungusha sehemu moja. Wazo nililitoa hapo. Ncha za nondo zangu zilikaa kwenye sahani mbili zenye mifereji iliyojikunja kama ganda la konokono, kwa hiyo ukivuta mkono, nondo zote zinatanuka au zinabana kwa pamoja, na kipimo cha kiazi kinabadilika bila kugusa bolti hata moja. Asubuhi unachambua mbegu, mchana unachambua vya chipsi, mashine ileile. Nilirudia mara tano hadi ikakubali. Shilingi 2,300,000 zilikwenda, na sehemu kubwa ilikuwa fedha ya vikoba ya mke wangu, ambayo aliitoa bila kuniuliza mara mbili.

Septemba 2018 nikaalikwa kwenye mkutano wa mawazo ya wabunifu hapa jijini. Mratibu alikuwa kijana msafi, mwenye maneno laini, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Nilimuuliza waziwazi: ndugu yangu, nikiionesha yote hii si itaibiwa? Akanijibu, na maneno haya nayakumbuka kama jina langu: "Kaka, ukishaongea mbele ya kamera umeshajisajili. Video ina tarehe, dunia nzima ni shahidi wako."

Nikamwamini. Nikapakia mashine kwenye guta, na gunia la viazi vya Umalila juu yake. Ukumbi ulijaa. Nikachambua viazi mbele yao, watu wakashangilia, na ule mshangilio ukanipanda. Nikachukua spana, nikafungua kifuniko cha pembeni, nikawaonesha sahani. Kisha nikaweka ukutani mchoro wenye vipimo vyote: unene wa sahani, upana wa mfereji, mfereji unapoanzia na unapoishia. Mtu mmoja safu ya pili akainuka na simu, akasogea karibu apige picha ule mchoro. Kivuli changu kilikuwa kinamzibia. Nikasogea pembeni ili apate vizuri.

Baada ya siku tisa video ikawa mtandaoni. Nilimtumia kila mtu.

Agosti 2019 nikaenda Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Kwenye banda moja la mashine nikaona chekeche limepakwa rangi ya kijani, linauzwa shilingi 1,400,000. Nikavuta mkono, nondo zikatanuka. Nikainama kuangalia sahani. Sasa sikiliza: kwenye toleo langu la nne nilitoboa tundu moja mahali pasipo pake, nikaona uvivu kulijaza, na hata kwenye mchoro wa mwisho likabaki. Halina kazi yoyote. Lile chekeche la kijani lilikuwa na tundu hilo, mahali palepale. Nikatia kidole changu kidogo ndani yake nikiwa nimeinama, na muuzaji akaniuliza, "Mzee, tukuandikie moja?"

Nikaenda kwa mwanasheria na ile video kwenye flashi. Nikamwambia hii hapa hati yangu. Akaitazama yote hadi mwisho, akaniuliza maombi nilipeleka tarehe ngapi. Nikasema sijapeleka. Akauliza video ni ya tarehe ngapi. Nilipomtajia akakaa kimya kidogo, akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mtu aliyefiwa.

Sheria yetu ya hataza, ile ya mwaka 1987, inataka uvumbuzi uwe mpya. Upya wenyewe unaangaliwa siku unayopeleka maombi: je, hadi siku hiyo jambo hili lilikuwa limeshawekwa wazi kwa watu? Kuliweka wazi ni kulichapisha, kulichora mbele ya watu, kulieleza ukumbini, kulionesha linavyofanya kazi. Hata ukiliweka wazi wewe mwenyewe, unaweza kuupoteza upya huo. Kwa hiyo ile video niliyoibeba kama ngao ilikuwa shahidi wa upande wa pili. Inaonesha kwa picha na sauti, na tarehe juu yake, kwamba chekeche langu lilikuwa mali ya umma kabla sijaomba chochote. Yule wa rangi ya kijani hakuwa na kosa la kumshtakia. Alichukua kitu nilichokiweka barabarani.

Nikasema basi angalau video iondolewe. Waandaaji wakanitolea fomu niliyosaini mlangoni siku ile, mimi na haraka zangu, ikisema kurekodi ni haki yao na kutangaza ni haki yao. Na hata ingeondolewa, upya haurudi. Yai likishavunjika limevunjika.

Nina hasira na yule kijana hadi leo na sitaificha. Najua hakuniibia yeye. Lakini aliulizwa swali la sheria na mtu aliyekuwa kama ameweka nyumba yake rehani kwenye jibu, naye akajibu kitu asichokijua kwa sauti ya anayejua. Angesema "sijui, kaulize BRELA," mimi leo ningekuwa na karakana. Wapo wengi wa namna hii kwenye haya makongamano. Wanataka ukumbi ujae na mashine iwake mbele ya kamera, basi. Wakikwambia video ni usajili, wanachanganya vitu viwili: hakimiliki na hataza. Hakimiliki, ambayo kwetu iko chini ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki, inalinda wimbo, maandishi, picha, filamu. Inalinda ile rekodi yenyewe isinakiliwe. Haizuii mtu kuangalia rekodi kisha akaenda gereji kutengeneza kilichomo. Jinsi kifaa kinavyofanya kazi hulindwa na hataza, na kwa Bara maombi ya hataza yanapelekwa BRELA. Cheti cha ushiriki hakikulindi, kombe halikulindi, kupiga picha na mkuu wa wilaya hakukulindi.

Sasa jiko lako. Maombi yanataka maelezo ya kifaa, michoro, muhtasari, na madai. Madai ndiyo moyo: ni zile sentensi zinazosema hasa nini ni chako, na hapo usiandike mwenyewe kama unaandika barua ya mapenzi, tafuta anayejua. Kama kilicho kipya kwenye jiko ni boresho dogo tu juu ya majiko yaliyopo, kuna cheti kilicho chini ya hataza (kwa Kiingereza utility certificate) ambacho masharti yake ni mepesi zaidi, kwa sababu hakidai uvumbuzi uwe wa kumshangaza fundi mwenzako. Ila nacho kinataka upya, kwa hiyo kanuni haibadiliki: tarehe ya maombi kwanza, mdomo baadaye. Huhitaji kusubiri hataza itoke ndipo uongee. Unahitaji tarehe ya kupokelewa maombi, na tarehe hiyo ikiwa kabla ya kongamano hata kwa siku moja, umesimama pazuri. Ukishaipata una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine za Mkataba wa Paris, ule wa mataifa wa kulinda uvumbuzi, ukihesabiwa tarehe ileile, na kwa nchi kadhaa za Afrika unaweza kupitia ARIPO, shirika la Afrika la mambo ya hataza lililoko Harare, kwa ombi moja. Utasikia mtu anasema Marekani mvumbuzi anapewa mwaka mzima baada ya kujitangaza. Ni kweli, kwa Marekani. Ulaya hawana huruma hiyo, na wewe uko Mafinga, usijenge juu ya sheria ya watu.

Anayekuchomelea vipande, msainishane karatasi moja ya usiri, majina, tarehe, shahidi. Kumwonesha mtu aliyefungwa na usiri si kuweka wazi kwa umma. Na mashindano nayo ni jukwaa: zile fomu zinazotaka "eleza ubunifu wako kwa kina" zijaze baada ya maombi, si kabla.

Kuna mdau hapo juu kaandika kwamba William Kamkwamba wa Malawi alipanda jukwaani Arusha mwaka 2007 kwenye TEDGlobal akaeleza kinu chake cha upepo, na maisha yake yakafunguka. Naheshimu sana jambo hilo, na ni jirani yetu. Lakini yule kijana alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada, akajifunza kwenye vitabu vya maktaba, akatengeneza kinu kwa mabaki ya baiskeli ili nyumbani kwao kuwe na taa. Hakwenda pale kulinda mfumo wa kuuza. Watu walisimama kwa ajili yake, na aliongea maneno machache tu. Kama na wewe unataka jiko lako liwe la kila mtu, kila fundi wa Mufindi alitengeneze bila kukuuliza, hilo ni jambo jema na nitakusifu. Ila liamue wewe, ukiwa nyumbani, umekaa na mkeo, mmekubaliana. Lisiamuliwe na makofi.

Na kama siku zimebana na maombi hayawezi kufika, bado unaweza kwenda. Nenda kaongee habari ya yale marundo ya maranda yanayofuka moshi nyuma ya viwanda vya mbao, mkaa unavyopanda bei, mama yako anavyokohoa jikoni. Liwashe jiko likiwa limefungwa, chemsha chai, waonje. Wakiuliza ndani kuna nini, waambie maombi yako njiani. Wakati wa mapumziko usiliache mezani ukaenda kuchukua sambusa. Lifunike, libebe, au mwache mtu wako wa damu akiwa amelikalia. Fomu ya mlangoni isome yote.

Ongea Kiswahili. Mavazi, vaa hata gwanda la kazi, hakuna aliyewahi kuporwa jiko kwa sababu ya tai.

Hujaandika kongamano ni lini. Kama ni Jumamosi hii, nijibu usiku huuhuu, simu yangu iko mkononi, nikutumie inboksi namba ya yule mwanasheria. Na kama mchoro umeshawatumia waandaaji, niambie ukweli, umewatumia lini na kuna karatasi gani mliyosaini.

Kamwene.