Unayehamia Kyoto: futoni inanyanyuliwa KILA asubuhi

Mkuu, uzi wako nimeusoma mpaka mwisho. Umeuliza utamaduni wa Wajapani ukoje kwa ujumla, kuinama, vijiti, kimono, sherehe zao, zawadi za kubeba. Sawa. Ila katikati umetupia sentensi moja kama haina uzito: umepata chumba cha mikeka 6 (yaani sakafu inayoenea tatami 6, ile mikeka yao minene) kwenye nyumba ya kizamani, kitanda hununui, utalalia futoni, godoro lao la kukunja: "nitatandika futoni chini kama wenyewe, basi kazi imeisha". Hapo ndipo nimeshtuka. Mengine watakujibu wengine.

Kazi haijaisha. Futoni inanyanyuliwa kila asubuhi, hata ukichelewa darasani, hata ukiwa na usingizi wa kufa mtu.

Mimi nilikuwa Kumamoto. Kwa msiojua, huko ndiko inakolimwa sehemu kubwa kabisa ya igusa ya Japani, yale majani yanayosukwa kuwa uso wa tatami. Na ni huko huko nilikoozesha tatami. Ni kama kwenda Kyela ukaunguza wali. Chekeni tu, hela ilishalipwa.

Kosa langu la kwanza ni kudhani tatami ni jamvi. Siyo. Ni bonge la kitu, unene wa sentimita 5 au 6. Zile za asili ndani ni majani makavu ya mpunga yaliyoshindiliwa, juu mkeka wa igusa, pembeni utepe wa kitambaa. Inavuta unyevu wa hewani na kuuachia hewa ikikauka. Sasa wewe unalala juu yake, jasho la usiku kucha linashuka kwenye futoni, kutoka futoni linaingia chini. Ukinyanyua asubuhi, vyote viwili vinakauka. Ukiacha, unyevu umeufungia ndani mwenyewe.

Ndiyo maana chumba cha kizamani kina oshiire, kabati la ukutani lenye kina kirefu na milango ya kuteleza. Halikujengwa kwa ajili ya masanduku yako. Asubuhi futoni inaingia humo, meza fupi inatolewa, watu wanakula na kupokea wageni palepale walipolala. Usiku meza inaondoka, futoni inarudi. Siku ya jua pita mtaa wowote, utaona futoni zimening'inizwa kwenye baraza za ghorofa, zimebanwa na vibanio vikubwa. Mimi nilikuwa naziona kila siku na bado sikujiuliza kwa nini zangu hazipo pale.

Sikujiuliza kwa sababu nilikuwa na mshauri. Jamaa wa kwetu, kakaa Tokyo miaka kibao, kila akipiga simu ni kufundisha. "Wajapani wanalala chini, wewe tandika sahau." Nikatandika, nikasahau. Baadaye nikaja kugundua kwake ni sakafu ya mbao na kitanda cha tano kwa sita. Tatami yeye kaiona kwenye mgahawa! Na hawa wa video wanaotufundisha kuinama digrii 15, 30, 45 kana kwamba tunaenda kupimwa na fundi seremala, hakuna hata mmoja aliyesema neno kuhusu futoni. Mkuu, nimeinama vibaya mara nyingi sana na hakuna aliyenidai yeni moja.

Aprili na Mei nilikuwa salama. Mwanzoni mwa Juni ikaingia tsuyu, majira yao ya mvua, ambayo kwa Kyushu, kisiwa ilipo Kumamoto, huenda mpaka Julai katikati au zaidi. Usifikirie masika yetu, inapiga kisha jua linawaka. Hii ni manyunyu, mawingu, joto, ukuta una jasho, taulo halikauki siku mbili. Na wewe unaenda Kyoto, mji uliokaa bondeni na milima pande tatu, joto lake la kiangazi Wajapani wenyewe wanalilalamikia.

Siku nilipokuja kuinua futoni ili nifagie, chini kulikuwa na mtu. Yaani umbo langu, mabega mpaka visigino, rangi ya kijani iliyochanganyika na majivu. Ukisogeza uso unaona vinyweleo vya ukungu vimesimama. Uvundo wake sitauelezea, kuna watu wanasoma wakila.

Hapo ningepiga simu kwa mwenye nyumba, ningelipa kidogo. Badala yake nikachukua jiki, maji ya moto na tambara. Nikasugua kama nasafisha bafu. Jiki ikababua rangi, mabaka meupe kila mahali, na maji yakazama mpaka kwenye majani ya ndani, kwa hiyo ukungu nikaunywesha. Kisha nikanunua zulia, nikafunika. Zulia, wakuu! Juu ya tatami iliyolowa, Julai.

Siku ya kukabidhi chumba mwenye nyumba, mama mtu mzima, mpole, alipiga magoti, akanusa, akainua kona ya lile zulia. Akasema "aa" moja ndefu, basi. Akaitwa fundi wa tatami. Fundi akachomeka chuma pembeni, akaing'oa nzima akaisimamisha, akanionyesha mgongo wake umekuwa mweusi. Tatami ikichakaa kawaida unaweza kuugeuza mkeka wa juu upande wa pili, au kuubadilisha huo wa juu tu na kuacha mwili wake. Yangu ilikuwa imeoza mpaka mwilini. Mpya. Na siyo moja.

Usiniambie ningegoma. Sheria yao ya kiraia iliyorekebishwa na kuanza kutumika Aprili 2020 inasema wazi mpangaji halipii uchakavu wa kawaida. Tatami ikififia kwa jua, hiyo ni ya mwenye nyumba. Ukungu wa uzembe ni wako. Amana ikaenda yote, nikaletewa na bili juu yake, bado ile hela ya shukrani uliyompa mwenye nyumba siku ya kuingia, ambayo hairudi hata ukiacha chumba kinang'aa.

Kwa hiyo: ukiamka, usiikunje moja kwa moja kuiingiza oshiire, ina joto na jasho bado. Iegemeze dirishani kwanza ipoe. Nunua chanja za mbao za kuweka chini ya futoni, zinasaidia, lakini BADO unanyanyua. Kwenye maduka ya yeni 100 kuna vikopo vya kunyonya unyevu, weka ndani ya oshiire. Juni utashangaa maji yanayojaa. Tatami inafutwa kwa kitambaa kikavu kufuata msuko. Koga ikianza, spiriti kidogo, siyo jiki, siyo maji. Sanduku lenye magurudumu libebe mkononi.

Hayo mengine: viatu unavua pale chini mlangoni kabla ya kupanda ndani, slipa hazikanyagi tatami, na slipa za chooni zinabaki chooni. Ukialikwa kuoga kwenye familia, jisugue na ujisuuze nje ya beseni kubwa la kuogea, ukitoka usizibue, maji yale yanasubiriwa na wengine. Kimono kushoto juu ya kulia, kinyume chake huvishwa maiti. Vijiti usivichomeke wima kwenye wali, ni mambo ya msiba pia. Zawadi beba kahawa. Sherehe sikumbuki uliuliza nini.

Ukubwa nao kuwa makini. Mikeka 6 ya vipimo vya Kyoto ni karibu mita za mraba 11, ya vipimo vya Tokyo ni 9 na kitu, kwa hiyo muulize dalali ni ipi kabla ya kununua meza. Na hiyo meza uliyosema utaweka pembeni, miguu yake ni ya chuma? Weka ubao chini yake. Oshiire ipo au waliibomoa? Dirisha linafunguka? Tupia picha hapa kabla hujasaini, na siku ya kuingia piga picha kila tatami, kona zote, mwenye nyumba akiwepo.