Pua Yako Imezoea, ya Mkeo Bado

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi na waifu tunabishana kila siku, akirudi jioni akifungua tu mlango anasema humu ndani kunanuka uvundo, na mimi nimeshinda humo humo kutwa nzima sisikii kitu. Si kuna mashine za kupima harufu siku hizi? Nataka kitu kitoe namba tujue nani muongo.
Msomaji niliyechoka

JIBU: Pole kaka, ila kwa maelezo yako mwenyewe kesi umeshashindwa. Umesema umeshinda humo kutwa. Pua ikikaa na harufu moja dakika chache tu inaacha kuijali, siyo kwamba harufu imeondoka, ni kwamba kichwani imeshakuwa habari ya jana, wakati mwenzio anatoka nje na pua iliyopumzika. Hebu toka ukapate hewa kama robo saa hivi halafu rudi, ile pumzi ya kwanza ukivuka mlango ndo ushahidi, ya nne ya tano usizihesabu.

Sasa mashine. Zipo zinazopima gesi moja moja, mfano haidrojeni salfaidi ile ya yai viza, inakuandikia kiasi. Lakini kiasi cha gesi siyo harufu, harufu ni mpaka kuwe na mtu wa kuisikia, na ndo maana hadi leo kipimo chake ni pua za watu. Mholanzi mmoja, Hendrik Zwaardemaker, alitoa kifaa chake mwaka 1888, bomba linaloteleza ndani ya lingine lenye harufu, unalisogeza kidogo kidogo mpaka mtu aseme hapo naisikia. Ulaya sasa wana kiwango kinaitwa EN 13725 na wazo ni lile lile: hewa inayolalamikiwa inazimuliwa kwa hewa safi, watu wanawekwa kunusa, wanaanza na hafifu kabisa halafu inaongezwa mpaka nusu yao waisikie. Kama kufika hapo ilibidi izimuliwe mara 500, basi harufu hiyo ni yuniti 500. Na wanusaji wenyewe wanachujwa kwanza kwa kunusishwa butanoli, aina ya alkoholi, mwenye pua kali kupita kiasi anarudishwa nyumbani na mwenye pua nzito vilevile. Umeona hapo? Namba yenyewe inatoka pale ambapo nusu ya watu wanasema hamna kitu, na hakuna anayeitwa muongo.

Halafu pua hazijaumbwa sawa. Binadamu ana aina kama 400 za vipokezi vya harufu (wanasayansi Linda Buck na Richard Axel ndo walivigundua mwaka 1991, wakapewa tuzo ya Nobel 2004) na vinasaba vyake vinatofautiana mtu na mtu. Kuna kitu kinaitwa androstenoni, kimo hata kwenye jasho, huyu anasikia mkojo, yule anasikia utamu kama vanila, wa tatu anakuangalia tu.

Ila angalizo, usiifanye pua mlinzi. Hiyo haidrojeni salfaidi ikizidi sana inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo pua inakwambia shwari wakati ndo hatari yenyewe.

SWALI: Kwa nini rangi zina majina yake lakini harufu lazima useme "kama ya kitu fulani"?

JIBU: Rangi nazo zilianza hivyo hivyo, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, tumesahau tu. Na sisi hatuko maskini hivyo: shombo, vumba, kutuzi, uvundo, hayo yote yanasimama yenyewe, tena tuna kunuka na kunukia, herufi moja tu inageuza tusi kuwa sifa. Ni kweli wapo waliotuzidi. Wajahai, wawindaji wa misituni Malaysia, wana neno moja la harufu inayopatikana kwenye petroli, moshi na kinyesi cha popo, na watafiti Asifa Majid na Niclas Burenhult walionyesha mwaka 2014 kwamba wanazitaja harufu kirahisi kama wanavyotaja rangi.

Na wewe msomaji uliyechoka, kama waifu kasema uvundo, hajasema shombo wala kikwapa, basi kashakwambia pa kutafuta. Anza na lile taulo bichi nyuma ya mlango, halafu inua zulia.