Kuona barafu ya Rwenzori kwa ndege: mambo ya kujua kabla hujalipa

Kuna watu nawajua wanaweka akiba miaka na miaka ili waende Iceland kupanda ndege ya utalii na kuona barafu kutoka juu. Siwakatazi, lakini kama uko Uganda anza na Rwenzori, tena usichelewe manake barafu yetu inaisha. Mwaka 1906, Luigi Amedeo wa Italia, yule Duke wa Abruzzi, alipofika vileleni, barafu ilikuwa imefunika kama kilomita za mraba 6.5. Kufikia 2003 ilikuwa imeshuka chini ya kilomita moja ya mraba, na iliyopo saa hii karibu yote iko Mlima Stanley, ule mrefu kuliko yote ya Rwenzori.

Kwa miguu ni kama wiki nzima ya kupanda kwenye tope na baridi. Mimi nilimpeleka mama, na magoti yake hayawezi kabisa mambo hayo, ndo maana tukachagua ndege.

Sasa jambo kubwa ni mawingu, mengine yote yanafuata. Ule mlima unajifunika karibu kila siku, kwa hiyo lenga miezi ya kiangazi, Desemba mpaka Februari au Juni mpaka Agosti, na hata hapo bado unategemea asubuhi tu. Ukiweza lala Kasese, mji ulio chini ya mlima, ili jua likichomoza muwe mko tayari kuruka, manake jua likishapasha bonde unyevu unapanda, na ikifika saa nne unaweza kukuta ukuta mweupe na hakuna kilele hata kimoja, na ndege nayo inaanza kurushwarushwa. Wanaotoka Kajjansi, kiwanja kidogo cha ndege karibu na Kampala, wana safari ya saa nzima na zaidi kabla hawajaufikia mlima, hapo asubuhi yako inakuwa imeshaliwa nusu. Panga pia siku ya akiba, ya pili ikibidi, na kabla hujatuma hela kwa mobile mani uliza wazi: mawingu yakifunga, nalipwa pesa yangu au tunahamisha siku? Waandike jibu.

Usitegemee kuruka juu ya kilele chenyewe. Margherita, kilele cha juu kabisa cha Stanley, ina mita 5,109, yaani zaidi ya futi 16,700, na ndege hizi ndogo hazijazwi hewa ndani kama zile kubwa za Entebbe, ukipanda sana bila oksijeni kichwa kinauma na akili inalegea. Halafu mpaka na Kongo unapita palepale juu ya Stanley. Mtapita ubavuni upande wetu, mtageuka, basi, na inatosha kabisa.

Na tafadhali sana, rubani akisema tunarudi, rudini. Msimbembeleze eti tusogee kidogo tupige picha. Tarehe 28 Novemba 1979 ndege ya Air New Zealand iliyobeba watalii kuangalia Antaktika iligonga Mlima Erebus, wakafa watu wote 257. Mawingu juu na theluji chini vilikuwa rangi moja, mlima uko mbele yao na hawauoni. Rwenzori siyo Antaktika, lakini mawingu na mwamba ni vilevile, na rubani anayekataa ndo wa kurudi kwake tena.

Mkitoka Kasese kuelekea Fort Portal mlima uko kushoto, mkirudi uko kulia, kwa hiyo msigombanie viti. Omba ndege yenye mabawa juu ya madirisha, kama zile Cessna, uone chini vizuri. Vaa nguo nyeusi, nyeupe inajirudisha kwenye kioo na kuharibu picha, na simu usiiegemeze dirishani manake inatetemeka. Beba sweta zito. Rolex ya mayai mawili, ile chapati ya kuviringishwa, iache mpaka mkitua, na kama tumbo lako ni jepesi meza kidonge cha kichefuchefu mapema.

Mtaona mashamba yanaisha, mianzi, halafu mabonde ya kinamasi, halafu mwamba mtupu. Barafu yenyewe kingo zake ni za kijivu, ina nyufa, na chini yake kuna mwamba uliokwanguliwa, mwepesi wa rangi kuliko mwingine wote, pale ndo barafu ilikuwa imelala. Mama alikulia Kasese akiiangalia kutoka chini tangu msichana. Aliweka kiganja kwenye kioo akaniuliza, "Mwanangu, imebaki hii tu?" Sikuwa na la kumjibu, nilimshika mkono tu.

Kuhusu bei, uliza ya ndege nzima halafu mgawane, mkijaa viti inashuka sana. Ila mtapimwa uzito nyie na mizigo, kwa hiyo viti sita haimaanishi watu sita wazima. Na uliza kama ile safari ya ndege kuja Kasese ikiwa tupu mnailipia nyie, hiyo ndo huwa inaongeza bili.