Mbio za Bondia Zipimwe kwa Dakika Moja ya Kona

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza bondia anahitaji kukimbia kiasi gani, na kunyanyua vyuma kiasi gani, ili pumzi na nguvu zake zidumu hadi kengele ya mwisho. Nilicheza ngumi za ridhaa kwa miaka kadhaa na sasa nasaidia kufundisha chipukizi, ambao huniuliza jambo hilihili karibu kila wiki, kwa hiyo naomba nafasi ya kulijibu kwa urefu kidogo.

Tuanze na kazi yenyewe. Pambano la ridhaa lina raundi 3 za dakika 3, na kati ya raundi moja na nyingine kuna dakika 1 ya mapumziko kwenye kona ya ulingo, yaani dakika 9 za kupigana ndani ya dakika 11. Katika ngumi za kulipwa, pambano la ubingwa la wanaume hufika raundi 12, ambazo ni dakika 36 za kupigana, na wanawake kwa kawaida hucheza raundi 10 za dakika 2. Katika muda huo wote mwendo haulingani hata mara moja. Bondia huzunguka akitafuta nafasi, hurusha makonde manne au matano kwa nguvu zake zote katika sekunde 2 au 3, hurudi nyuma au humkumbatia mpinzani, kisha huanza tena. Kila mlipuko wa namna hiyo huchota akiba ndogo ya nishati iliyomo ndani ya misuli, na akiba hiyo hujazwa upya kwa msaada wa oksijeni inayoletwa na damu. Bondia akipumzika, karibu nusu ya kilichotumika hurudi katika nusu dakika ya kwanza, na kilichobaki hurudi polepole zaidi. Aliyeuzoeza moyo wake hujaziwa haraka, ilhali asiyeuzoeza huinuka kwenye kiti akiwa bado na deni, na raundi inayofuata humwongezea jingine.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba bondia hukimbia kwa ajili ya dakika ile moja ya kona, pamoja na zile sekunde chache za kuvuta pumzi katikati ya raundi. Anayetaka kujua kama mbio zake zinamsaidia apige begi la mazoezi kwa dakika 3 kwa bidii ya kweli, ahesabu mapigo ya moyo mara anapoacha, kisha ayahesabu tena baada ya dakika 1. Tofauti hiyo ikizidi kukua kutoka mwezi hadi mwezi, mbio zinafanya kazi. Ikiwa haikui, kuongeza kilomita juu ya kilomita hakutasaidia kitu mpaka namna ya kukimbia ibadilishwe.

Nilijifunza jambo hili kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza nilikimbia kilomita 10 kila alfajiri, siku 6 kwa wiki, kwa mwendo uleule, nikijivunia umbali. Katika pambano langu la pili miguu haikuchoka hata kidogo, lakini katikati ya raundi ya pili mikono ilikuwa mizito kana kwamba imefungiwa mawe, na nilipoketi kwenye kona kifua kilikataa kutulia. Mwili ulikuwa umezoea mwendo mmoja tu, naye mpinzani wangu hakuwa na nia ya kunipa mwendo huo. Nilishindwa kwa pointi, na baadaye kocha wangu alinipunguzia siku za kukimbia kutoka 6 hadi 3.

Siku hizo 3 ndizo ninazowapa vijana sasa, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni mbio nyepesi za dakika 30 hadi 45, kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, kwa kuwa hizo ndizo hujenga msingi wa moyo. Ya pili hufuata saa ya ulingoni: dakika 3 za kukimbia kwa kasi inayoumiza, dakika 1 ya kutembea, mara 4 hadi 6. Ya tatu ni mbio fupi za kupanda mlima, sekunde 10 hadi 15 kwa nguvu zote, mara 8 au 10, huku mtu akishuka kwa kutembea ili kila mara aanze akiwa amepumzika. Anayejiandaa kwa raundi 10 au 12 anaweza kuongeza siku moja ya mbio nyepesi. Anayeanza kabisa akimbie dakika 20 mara 3 kwa wiki, tena aongeze kidogokidogo, maana mifupa ya miundi na kano za visigino huchukua muda mrefu kuzoea kuliko mapafu, na nimeona vijana wakikosa miezi 2 ya mazoezi kwa pupa ya wiki 2.

Nafahamu walimu wengi wa zamani wataliona hilo kuwa dogo. Tukumbuke kwamba desturi ya kukimbia masafa marefu kila siku ilikomaa wakati mapambano ya ubingwa yalipokuwa ya raundi 15. Ni baada ya kifo cha Kim Duk-koo, bondia wa Korea Kusini aliyeumia akipigania ubingwa na Mmarekani Ray Mancini mwezi Novemba 1982, ndipo WBC, Baraza la Ngumi la Dunia, ilipoyapunguza hadi raundi 12, na mashirikisho mengine yakafuata. Pambano lilifupishwa, lakini katika kumbi nyingi mazoezi yaliachwa kama yalivyokuwa.

Kuhusu vyuma, hofu ya zamani ilikuwa kwamba humfanya bondia awe mzito na mgumu wa viungo. Bondia Mmarekani Evander Holyfield aliipunguza hofu hiyo mbele ya macho ya ulimwengu: mwaka 1988 alipanda kutoka uzito wa cruiser, daraja lililo chini ya uzito wa juu, hadi uzito wa juu wenyewe, akajengwa na wataalamu wa mazoezi ya viungo, na Oktoba 1990 akamwangusha bingwa Buster Douglas na kutwaa ubingwa wa dunia. Konde huanzia kwenye mguu unaosukuma sakafu, hupita kwenye nyonga na kiuno kinachozunguka, na ngumi huwa ndiyo kituo cha mwisho. Kwa hiyo kazi kubwa ya vyuma iwe ya miguu, mgongo na kiwiliwili: kuchuchumaa na chuma mabegani, kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kujivuta kwenye bomba, na kurusha mpira mzito ukutani kwa kuzungusha kiuno. Shingo nayo isisahauliwe.

Mara 2 kwa wiki zinatosha, dakika 40 hivi kila mara. Baada ya miezi michache ya kujifunza kwa uzito wa mwili wake mwenyewe, bondia anyanyue uzito mkubwa kwa marudio 3 hadi 5 tu, seti 3 au 4, akipumzika dakika 2 au 3 katikati. Kuna wanaotaka kugeuza vyuma viwe zoezi la pumzi kwa kunyanyua bila kupumzika mpaka waanguke, nami naliona hilo kuwa kosa, kwa sababu pumzi tayari ina begi, padi za kocha, kamba na mbio, na nguvu halisi haina pengine pa kujengwa. Marudio machache yenye uzito mkubwa, pamoja na chakula kinachopimwa, hayamtoi mtu kwenye daraja lake la uzito kwa urahisi kama inavyodhaniwa.

Tatizo huanza pale mambo haya yanapokutana. Mbio ngumu na vyuma vizito vikifanywa katika saa ileile, vyuma hupoteza sehemu ya faida yake. Ni bora vitenganishwe kwa saa 6 au zaidi, na visiwekwe asubuhi ya siku ambayo jioni yake bondia anapigana na mwenzake mazoezini, kwa sababu anayepanda ulingoni akiwa na miguu iliyochoka hujifunza kusimama vibaya na hupigwa kichwani bila sababu. Katika wiki 2 za mwisho umbali upungue hadi karibu nusu huku kasi ikibaki, na vyuma vifanywe mara 1 kwa wiki, kiasi ambacho kinatosha kuhifadhi nguvu iliyokwisha kujengwa. Wale wanaozitumia siku hizo kukimbia wakiwa wamevaa nguo za plastiki ili watoe jasho nawasihi waache kabisa. Wanapoteza maji tu, na joto la mwili linaweza kupanda hadi kuua.

Kwa msomaji mwenye saa 5 tu kwa wiki kwa sababu ya kazi au masomo, jibu langu ni hili: saa 3 ziwe za ngumi zenyewe, na zilizobaki zigawanywe kati ya mbio 2 fupi, moja ya kufuata saa ya ulingoni na moja nyepesi, na siku 1 ya vyuma. Wiki ikimbana zaidi, aache kwanza mbio nyepesi, kisha vyuma, na saa za ngumi aziguse mwisho kabisa.